Wimbo wa "Malaika" na Mtungaji Asiyetajwa

Katika nchi zote zisemazo Kiswahili hapana wimbo wa mapenzi ujulikanao kuliko "Malaika". Huimbwa arusini, huimbwa katika hoteli za Moshi mbele ya wageni waliokuja kupanda mlima, na watoto wengi huujua kabla ya kujua kusoma. Lakini ukimwuliza mwimbaji ni nani aliyeutunga, atajibu kwamba ni wimbo wa kale usio na mwenyewe, au ni wa Miriam Makeba, au ni wa Fadhili William wa Kenya. Jina la Adam Salim ni wachache walitajao, hata hapa Moshi, mji unaoguswa na habari zake. Twataka kuutazama kwanza wimbo wenyewe, kama tutazamavyo shairi lo lote lililo zuri, kisha tuseme neno juu ya mtu huyu na juu ya yule aliyeandikwa mahali pake.

Wimbo ni mfupi mno. Una beti tatu, nazo zarudiarudia maneno machache. Mtu amwita mwanamke ampendaye, kwanza kwa jina la malaika, baadaye kwa jina la kidege. Asema ampenda, na ya kuwa angemwoa, lakini ameshindwa kwa kuwa hana mali. Mwishoni alalamika kwamba fedha zaitaabisha roho yake. Yamekwisha. Hapana habari za uso wala macho, hapana jina la mji, hapana baba wala mama wa binti, wala yule mwingine aliyemwoa, ikiwa alikuwako. Watungaji wa pwani wakitunga nyimbo za namna hii hutia asumini na marashi, lulu na mwezi wa kumi na nne. Hapa hapana hata pambo moja, isipokuwa hayo majina mawili ya kuitia.

Wako walimu wenzetu wauonao wimbo huu kuwa wa kitoto kwa sababu hiyo, wasema hauna mafumbo, haufai kufundishwa pamoja na tenzi. Sisi hatukubali. Umaskini wa maneno wafaa umaskini wa mtu asemaye. Kijana ambaye hana kitu mkononi hana lulu za kumlinganisha mpenzi wake nazo. Na kama angezitaja, tungemshuku.

Tazameni jinsi sarufi yenyewe ifanyavyo kazi. Mwalimu afundishaye Kiswahili ajua kwamba maneno ya -nge- hutaka vipande viwili, yaani sharti na matokeo yake: kama ningekuwa na kitu, ningefanya jambo fulani. Mtungaji ametupa kipande cha pili tu, ile habari ya kuoa. Kipande cha kwanza hakukisema kwa -nge- hata kidogo. Amekigeuza kuwa habari ya kweli, kwamba mali hana. Twaona ya kuwa hapo ndipo penye uchungu wote wa wimbo. Mtu asemaye "kama ningekuwa na" angali yu katika ndoto, kwani sharti laweza kutimia kesho. Mtu asemaye "sina" amekwisha kuhesabu.

Liko neno jingine ambalo limetupa mabishano mema darasani, nalo ni kitenzi cha ubeti wa pili, "hukuwaza". Akilisikia mtu wa haraka, adhani ni hu- ya mazoea pamoja na -ku- ya mtendwa: nakuwaza siku zote. Lakini hu- hiyo haichukui nafsi, basi mwenye kuwaza hatajwi. Aweza kuwa ni kijana, naye awaza kidege chake; aweza pia kuwa ni kidege, nacho chamuwaza kijana, ingawa maana hiyo yahitaji kulazimishwa kidogo. Tena kuna maana ya tatu, ambayo mwanafunzi mmoja huitoa karibu kila mwaka, na darasa zima hucheka kisha hunyamaza: kwamba ni kanusho la wakati uliopita, yaani wewe hukufikiri. Hapo wimbo wageuka kuwa lawama, kwa nusu ubeti tu. Hatusemi mtungaji alikusudia hivyo. Maneno yaliyo kabla na baada yaelekea maana ya kwanza. Lakini Kiswahili kimemwachia mlango huo wazi, na sauti ya mwimbaji yaweza kuupitia.

Juu ya jina la malaika twasema machache. Baadhi ya makasisi hawapendi kusikia jina hilo likipewa mwanamke mwenye mwili, kwa kuwa ni jina la watumishi wa Mungu. Lakini Kiswahili kililipokea neno hili kwa njia ya Waislamu wa pwani kabla ya misioni kufika, nacho kikalitumia kwa upana: mtoto mchanga huitwa malaika, hata vinyweleo vya mwilini huitwa malaika. Tena katika Kiyunani cha Maandiko asili ya neno ni mjumbe tu. Kijana huyu amemwita binti mjumbe wa mbinguni, asiyeweza kuzuiwa duniani kwa kuwa hana bei. Kisha papo hapo amwita kidege, kiumbe kidogo, kama wale shomoro ambao Injili yataja thamani yao kwa senti. Kati ya hayo majina mawili ndipo swali la mahari lilipo.

Nalo neno la mahari latuleta katika nchi yetu ya mlimani. Mtungaji atumia kwanza neno "mali", na mwishoni atumia "pesa". Pwani, kwa sheria ya Kiislamu, mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe. Bara, pamoja na Uchagani, kitu kitolewacho hupelekwa kwa jamaa za binti, nacho tangu kale kilikuwa ng'ombe na mbuzi na pombe ya mbege, kwa utaratibu wa miaka mingi. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig, aliyekaa miongoni mwa Wachaga tangu 1902 hata 1938 akiwa na vipindi vya kurudi kwao, aliyaandika mambo hayo kwa urefu katika kitabu chake cha sheria za Wachaga kilichotoka mwaka 1926. Aonyesha humo kwamba mali hiyo haikuwa ya mtu mmoja; ndugu walichanga, na mnyama aliyetolewa alifunga jamaa mbili pamoja. Kijana maskini mwenye ukoo hakushindwa kuoa.

Kisha ikaja kahawa, na kwa kahawa ikaja fedha. Chama cha wakulima wenyeji kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikageuzwa kuwa chama cha ushirika, ndicho KNCU ambacho jengo lake kila mtu wa Moshi alijua. Reli ilikuwa imekwisha kufika Moshi kutoka Tanga zamani za Wadachi; na wakati wa Vita Kuu ya kwanza Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kupita Taveta hata ikaungana na ile ya Tanga pale Kahe. Tangu hapo kijana wa Moshi aliweza kupanda gari la moshi akafika Nairobi kutafuta mshahara. Lakini mwenye mshahara yu peke yake. Hana mjomba wa kumchangia mbuzi mjini. Kwa hiyo mali iligeuka kuwa pesa katika maisha ya watu, kama igeukavyo katika beti za wimbo huu. Hatudai kwamba mtungaji aliweka maneno hayo mawili kwa mpango. Twasema tu kwamba aliyeyasema aliijua hali hiyo kwa kuiishi.

Sasa tumtaje. Waliochunguza asili ya wimbo huu wamemtaja Adam Salim, Mtanganyika aliyezaliwa mwaka 1916, aliyekuwa akikaa Nairobi mwaka 1945 na 1946. Kwa ushuhuda wake mwenyewe, ndiko alikoutunga, kwa ajili ya binti aliyesoma naye shule huku Moshi. Wazazi hawakuridhia mapenzi yao, na binti akaozwa mtu mwingine mwenye mali. "Malaika" lilikuwa jina la mapenzi ambalo kijana alimwita. Jina la binti lenyewe limekwisha kuchapwa mahali pengi, nasi hatuoni sababu ya kulirudia. Mwenye kuutunga wimbo ndiye tumtafutaye.

Nairobi ya miaka ile ilikuwa mji wa askari waliokuwa wakirudi kutoka Burma. Wengi walirudi na gitaa, au na hamu ya gitaa. Fundi Konde, ambaye nyimbo zake zilienea Afrika Mashariki yote, alikuwa katika kikosi cha kuwachezea askari. Ndipo ulipozaliwa mtindo huu wa wimbo wa Kiswahili wa gitaa, wa polepole, wenye maneno machache, ulioelekezwa kwa mtu mmoja. Wimbo wa "Malaika" wafaa kabisa mahali pale na wakati ule. Lakini katika mji ule wimbo haukuwa mali ya mtu mpaka utiwe katika sahani ya santuri. Ulipita kinywa kwa kinywa, katika nyumba za pombe na vyumba vya wafanyakazi, na kila mwenye gitaa aliuchukua.

Aliyeutia kwanza katika sahani ni Fadhili William, pamoja na kikundi chake cha Jambo Boys, mwaka 1960. Yeye alizaliwa mwaka 1938 katika nchi ya Taita, ng'ambo tu ya mpaka wetu, kwenye njia ile ile ya reli ya Voi. Alisema wimbo ni wake, na kwa habari ya malipo ya haki za mtungaji ni jina lake lililoandikwa. Baadaye watu wa pwani ya Kenya wakamtaja mwingine tena, Lucas Tututu, kuwa ndiye mwenye wimbo. Basi wadai ni watatu, na sahani ni moja.

Maoni yetu ni kwamba dai la Adam Salim lina uzito kuliko mengine. Kama wimbo ulikuwako mwaka 1945, Fadhili alikuwa mtoto wa miaka saba, asiye na habari za mahari. Huo si ushahidi utoshao kortini, maana mwaka wenyewe watoka katika kinywa cha mdai. Lakini kuna jambo la wimbo wenyewe. Hali isemwayo ndani yake ni ya mtu mzima aliyekwisha kukataliwa na wazee, akapiga hesabu, akaona haitoshi. Haina matumaini ya mwanafunzi. Tena lile neno "mali" kwa maana ya kitu kilichomshinda kijana mbele ya wakwe twalisikia kila siku huku bara. Msomaji wa pwani atatujibu kwamba na kwao lasikika. Na atakuwa na haki ya kutujibu hivyo. Tumepima, na mizani yetu yaelekea Moshi.

Hata hivyo haifai kumhukumu Fadhili William kwa ukali, kama wafanyavyo wengine. Pasipo yeye huenda wimbo ungalikufa pamoja na nyumba zile za Nairobi. Sauti yake katika sahani ile ni ya kijana mwenye haya, haipambi wala hailii, nayo imekuwa mfano kwa wote waliomfuata. Naye pia hakutajirika. Alikwenda kukaa Marekani miaka mingi, na habari iliyoenea ni kwamba huko alifanya kazi katika kituo cha kuuzia mafuta ya magari, ilhali wimbo ulioandikwa jina lake ukiimbwa duniani kote. Alirudi Kenya akafa Nairobi tarehe 11 Februari 2001. Huyo ndiye aliyeandikwa! Je, asiyeandikwa alitazamia nini?

Maana duniani kote uliimbwa kweli. Miriam Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika sahani yao ya mwaka 1965, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Wale Boney M. wa Ujerumani wakautoa mwaka 1981 kwa mapigo ya kuchezea. Angélique Kidjo wa Benin akautia katika sahani yake ya mwaka 1991. Kwa maoni yetu Makeba ndiye aliyeufahamu kuliko wageni wote, ingawa Kiswahili si lugha yake: aliuacha uende polepole, na lile swali la ubeti wa kwanza, ambapo kijana auliza afanye nini, alilitoa kama swali asilolijua jibu lake. Boney M. waliimba sauti nzuri, lakini mtu achezaye dansi hana nafasi ya kuona aibu, na wimbo huu bila aibu ya maskini ni maganda matupu. Tumesikia kwaya zetu nyingine zikifuata mwendo ule wa kuchezea, pengine kwa kuwa wageni hupiga makofi.

Jambo hili la mtungaji kupotea nyuma ya wimbo wake si la kwetu peke yetu. Solomon Linda, Mzulu, alitia katika sahani wimbo wake "Mbube" mjini Johannesburg mwaka 1939. Wimbo ukazaa nyingine huko Marekani zilizoleta mapato makubwa, naye akafa maskini mwaka 1962. Jamaa zake walipatana na wenye haki za wimbo mwaka 2006, zaidi ya miaka arobaini baada ya kufa kwake. Lakini Linda alikuwa na kitu ambacho Adam Salim hakuwa nacho: sauti yake mwenyewe ilikuwa ndani ya sahani ya kwanza, hata mahakimu wakaweza kuonyeshwa wimbo umetoka wapi. Mtu aliyetunga kwa kinywa akaimba kwa rafiki zake hana cha kuonyesha ila neno lake.

Tena uko mfano ulio karibu nasi zaidi, sisi walimu. Kila asubuhi wanafunzi wa Tanzania husimama mbele ya bendera wakaimba wimbo wa taifa, ambao sauti yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misioni ya Wamethodisti huko Johannesburg. Alikufa mwaka 1905, akali kijana. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila kujulikana, mpaka lilipotafutwa na kufanywa ukumbusho wa taifa la Afrika Kusini mwaka 1996. Ni wanafunzi wangapi waliokwisha kusikia jina lake darasani? Twajua kuimba, lakini jina la mtungaji twaliona kama jambo la ziada, kana kwamba nyimbo huota zenyewe kama migomba.

Katika vitabu vyetu vya nyimbo za dini desturi ni nyingine. Humo twakuta jina la Luther na la Paul Gerhardt, pamoja na miaka yao, chini ya kila wimbo walioutunga, hata kama aliyeufasiri kwa Kiswahili au Kichaga hatajwi. Basi tusiseme kwamba Mwafrika hajali majina ya watungaji. Tumefundishwa kuyajali, ila ya watu wengine.

Sheria ya haki ya watungaji ipo. Ile ya Tanzania ya mwaka 1999 ndiyo iliyoleta COSOTA, na mtungaji wa leo aweza kwenda kuandikisha kazi yake. Hiyo yamfaa aliye hai na mwenye karatasi. Kwa wimbo uliotungwa kwa kinywa miaka ya 1940 haitengenezi kitu.

Lakini yako yaliyo katika uwezo wa mwalimu. Wanaochapa vitabu vya nyimbo vya shule, na viongozi wa kwaya wagawao karatasi kwa waimbaji, waache kuandika juu ya "Malaika" kwamba ni "wimbo wa kienyeji". Twashauri waandike hivi: "Kwa ushuhuda wake mwenyewe, umetungwa na Adam Salim, Nairobi, 1945–46, ulitiwa kwanza katika sahani na Fadhili William na Jambo Boys, 1960." Maneno hayo hayamdhulumu mtu, wala hayasemi zaidi ya yajulikanayo. Kama watu wa pwani wataleta ushuhuda wa Lucas Tututu ulio na mwaka na mahali, nafasi ya mstari wa pili ipo.

Na wazee wa Moshi waliowahi kusikia nyimbo za miaka ile kwa masikio yao wamebaki wachache sana. Mwalimu aliye karibu na mmoja wao, Pasua au Majengo au juu mlimani, amwendee na karatasi, amwulize si habari za "Malaika" tu, bali nyimbo nyingine za gitaa zilizoimbwa wakati ule, na nani alizitunga, kabla hajamwuliza habari za wimbo mmoja ambao wote wameuzoea. Maana mzee akiulizwa juu ya wimbo mashuhuri hujibu aliyoyasikia redioni. Mtu aliyetunga wimbo wa namna hii si desturi kutunga mmoja tu. Zilizosalia, kama ziko, zimo katika vichwa hivyo.

Kwaya nazo ziuimbe polepole. Mwenye kuongoza asimamishe mkono kidogo baada ya lile swali la ubeti wa kwanza, asiwaruhusu wapiga gitaa kulijaza.